Gia za Nyuma za Baiskeli ya Mjini: Anza na Sproketi Kubwa

Ndugu zangu waendesha baiskeli, na ninyi mafundi mnaotuweka barabarani, asanteni kwa kuja.

Mada niliyopewa ni vifaa vya gia vya gurudumu la nyuma: sproketi (vile visahani vya meno vinavyoshika cheni), habu (kitovu cha gurudumu), cheni, kihamisha cheni (kifaa kinachoisogeza cheni kutoka sproketi moja hadi nyingine), na namna ya kuvichagua kwa baiskeli ya kuzungukia mjini. Nina neno moja la kuwaambia, na mengine yote yatalizunguka hilo. Unapochagua gia za nyuma, anza na gia nyepesi kuliko zote, yaani ile ya sproketi kubwa ya nyuma, ile utakayoitaka ukiwa umesimama kwenye taa, mzigo uko nyuma, na barabara inapanda mbele yako. Ukishaipata hiyo, yaliyobaki hayana ugumu. Ukianza na idadi ya gia, utalipia vitu ambavyo hutavigusa na utakosa kile unachokihitaji kila siku.

Najua swali la kwanza la mnunuzi huwa ni "Ina gia ngapi?" Namba imebandikwa kwenye fremu, muuzaji anaitamka kwa fahari. Basi tuifanyie hesabu namba hiyo. Chukueni baiskeli yenye sproketi tatu mbele, za meno 28, 38 na 48, na nyuma sproketi saba zinazoanzia meno 14 hadi 28. Tatu mara saba, gia 21. Sasa gawanyeni meno ya mbele kwa meno ya nyuma, mpate gurudumu linazunguka mara ngapi pedali zikizunguka mara moja. Cheni ikiwa kwenye 48 mbele na 24 nyuma, jibu ni 2. Ikiwa kwenye 28 mbele na 14 nyuma, jibu ni 2 vilevile. Hiyo ni gia moja iliyohesabiwa mara mbili. Endeleeni: 48 kwa 28 ni 1.71, 38 kwa 22 ni 1.73, 28 kwa 16 ni 1.75. Hakuna mguu unaoweza kuzitofautisha hizo tatu.

Kinachopima seti ya gia ni upana wake, yaani gia nzito kuliko zote ukiigawa kwa nyepesi kuliko zote. Katika baiskeli hiyo ya gia 21, nzito ni 48 kwa 14, sawa na 3.43, na nyepesi ni 28 kwa 28, sawa na 1. Upana wake ni asilimia 343. Sasa chukueni baiskeli yenye sproketi moja tu mbele na nane nyuma, za meno 11 hadi 34. Gawanya 34 kwa 11, unapata asilimia 309. Gia nane zinafika karibu kabisa na zilipofika ishirini na moja, na umeondoa kihamisha cheni cha mbele, waya wake, na mkono wake kwenye usukani. Vitu vitatu ambavyo havitaharibika tena.

Upana peke yake hautoshi, lazima ujue umeanzia wapi. Kipimo ninachokipenda ni umbali ambao baiskeli inakwenda pedali zikizunguka mara moja. Gurudumu la kawaida la baiskeli ya mjini, lenye tairi la ukubwa wa 700 na upana wa milimita 35, likizunguka mara moja linakwenda takriban mita 2.2. Zidisha hiyo kwa ule mgawo wa meno. Mwenye meno 38 mbele na 34 nyuma anakwenda mita 2.46 kila mzunguko wa pedali. Mwenye 46 mbele na 28 nyuma anakwenda mita 3.6. Wapandishe wote wawili kilima kwa mwendo wa kilomita 9 kwa saa. Wa kwanza anazungusha pedali kama mara 61 kwa dakika, mwendo wa mguu uliotulia. Wa pili anazungusha mara 41 au 42, na kila mkanyago anausukuma kwa uzito wa mwili mzima. Magoti yake ndiyo yanayolipa. Nimeona watu wenye afya njema wakiziacha baiskeli nzuri kabisa ukumbini, wakaamini kwamba wao ndio dhaifu, kumbe sproketi kubwa ya nyuma ilikuwa na meno machache mno. Jambo hilo linaniumiza, maana dawa yake ni kipuri kimoja.

Upande wa pili, wa gia nzito, mjini hauhitaji mengi. Meno 42 mbele na 11 nyuma ni mita 8.4 kwa mzunguko. Ukizungusha pedali mara 80 kwa dakika uko kilomita 40 kwa saa. Ni nani kati yetu anayekwenda kilomita 40 kwa saa kati ya taa moja na nyingine? Kwa hiyo kama gia zako ni nzito mno, unaweza hata kuiacha seti ya nyuma kama ilivyo na kupunguza sproketi ya mbele kutoka 46 hadi 38. Utapoteza juu usikokuhitaji na kupata chini unakokuhitaji. Anayebeba mtoto au magunia nyuma aende chini zaidi bila kuona haya.

Sasa naomba mwangalie mikononi mwangu. Mkono wa kulia nina friwili, mkono wa kushoto nina kaseti. Kwa mbali vinafanana: sproketi zilizopangana, ndogo nje na kubwa ndani. Wengi huagiza kimoja wakapokea kingine, na ndiyo maana nimevileta.

Friwili ni kitu kimoja kizima. Ndani ya huu mwili wake mna vijino vidogo vyenye springi, ndivyo vinavyotoa ule mlio wa tiki-tiki-tiki unapoacha kukanyaga. Tazameni katikati: kuna nyuzi kama za nati. Friwili nzima hufungwa kwa kuzungushwa kwenye habu, na kila unapokanyaga inajikaza zaidi. Fundi mwerevu hupaka grisi kwenye nyuzi kabla ya kuifunga, la sivyo siku ya kuifungua itakuwa vita. Kaseti haina mlio wowote, na haina nyuzi. Tazameni ndani yake: kuna mifereji. Inateremshwa juu ya kichwa cha habu chenye mifereji kama hiyo, kisha inabanwa kwa pete moja ya nje. Ule mtambo wa tiki-tiki umebaki kwenye habu. Kampuni ya Shimano ya Japani ilianza kuuza habu za namna hii mwaka 1978, na polepole zikawa ndizo za kawaida kwenye baiskeli zenye gia nyingi.

Kwa nini nalisisitiza hili? Kwa sababu ya ekseli. Gurudumu la friwili lina gololi za upande wa kulia zilizokaa ndani, nyuma ya friwili yote. Kutoka kwenye gololi hizo hadi kwenye fremu, ekseli inaning'inia bila kushikwa na chochote, sentimita tatu hadi nne ikiwa friwili ni ya sproketi saba. Ekseli hiyo ina unene wa milimita 10 tu, na cheni inaivuta kwa nguvu upande huohuo. Ukiongeza mzigo na mashimo ya barabara, inapinda, na mwishowe inakatika. Ukiona gurudumu la nyuma linayumba ingawa rimu imenyooka, au sproketi zinacheza juu chini zinapozunguka, fungua utazame ekseli. Kwenye habu ya kaseti, gololi za kulia zimesogezwa hadi karibu na ukingo wa nje, chini ya sproketi ndogo. Ekseli ileile ya milimita 10 sasa imeshikwa karibu na fremu, na inadumu.

Tofauti ya pili ni meno. Friwili kwa kawaida huanzia meno 13 au 14, kwa sababu ule mtambo wa ndani unataka nafasi. Kaseti inaweza kuanzia 11. Zipo friwili za sproketi saba zinazofika meno 34, na zimeokoa watu wengi milimani, lakini tazameni mpangilio wake: 14, 16, 18, 20, 22, 24, halafu 34. Kutoka 24 unaruka moja kwa moja hadi 34. Mguu unahisi kama cheni imekatika. Inafaa kama gia ya dharura, na kwa baiskeli ya friwili uliyonayo tayari ni badiliko la busara kuliko kununua gurudumu jipya. Ila kama unaanza upya, shauri langu ni kaseti ya sproketi nane. Ya 11 hadi 32 ina hatua nzuri sana: 11, 13, 15, 18, 21, 24, 28, 32. Mji wenye milima mikali unataka 34, na hapo utakubali hatua ya mwisho kuwa kubwa kidogo.

Mtaniuliza kwa nini nane, na siyo tisa, kumi au kumi na moja. Kila sproketi inapoongezwa, nafasi kati yake inapungua. Kwenye kaseti ya nane, kutoka sproketi moja hadi nyingine ni milimita 4.8. Kwenye ya kumi ni 3.95. Cheni nayo inabidi iwe nyembamba zaidi, na marekebisho ya waya yanataka usahihi zaidi. Mtu wa mashindano anapata faida kwa sababu anataka hatua ndogondogo. Wewe unayesimama kila baada ya dakika mbili, ukiiacha baiskeli nje kwenye mvua na vumbi, unataka kitu kinachosamehe. Seti ya nane husamehe. Na cheni ya nane inafanya kazi pia kwenye sproketi sita na saba, kwa hiyo haikosekani.

Tuje kwenye kulingana kwa vifaa, maana hapa ndipo fedha zinapopotea. Mkono wa gia kwenye usukani unavuta waya kiasi maalumu kila unapobonyeza. Kihamisha cheni, kile kifaa kinachoning'inia chini ya ekseli na vigurudumu vyake viwili, kinageuza mvuto huo kuwa mwendo wa kwenda kando. Mwendo huo lazima ulingane na nafasi kati ya sproketi zako. Mkono wa gia wa sproketi saba hauwezi kuendesha kaseti ya nane ipasavyo. Vilevile usichanganye mkono wa kampuni moja na kihamisha cheni cha nyingine mpaka uhakikishe vinavuta waya sawa. Shimano na SRAM, kwa mfano, kwa sehemu kubwa havilingani. Ndani ya Shimano yenyewe, vihamisha cheni vya kawaida vya sproketi saba, nane na tisa hubadilishana bila shida, jambo linalorahisisha ukarabati. Na mwenye habu ya kaseti ya nane anayetaka kuiwekea kaseti ya saba anaweza, akianza na pete ya kujazia ya milimita 4.5.

Kihamisha cheni kina mipaka miwili, na yote miwili huandikwa na mtengenezaji kwenye maelezo yake. Wa kwanza ni sproketi kubwa kuliko zote ambayo kinaweza kupita chini yake. Kikiandikwa meno 28, ukakiwekea 34, kigurudumu cha juu kitasaga meno. Wa pili ni ulegevu wa cheni kinaoweza kuumeza. Unaupata hivi: chukua tofauti ya meno kati ya sproketi kubwa na ndogo za nyuma, ongeza tofauti ya zile za mbele. Kaseti ya 11 hadi 34 na sproketi moja mbele ni 23 tu. Kaseti hiyohiyo na sproketi za mbele 28, 38 na 48 ni 23 kuongeza 20, jumla 43, na hapo unalazimika kununua kihamisha cheni chenye mkono mrefu, yaani ule unaoshika vile vigurudumu viwili. Mkono mrefu unaning'inia karibu na ardhi na kugonga kila kitu. Mwenye sproketi moja mbele anaweza kutumia mfupi au wa wastani. Ndiyo sababu nyingine ninaipenda sproketi moja ya mbele kwa kazi za mjini.

Upana wa fremu nitaupita haraka: pima kwa rula nafasi kati ya pande mbili za ndani pale ekseli inapokaa. Baiskeli nyingi za mjini na za milimani ni milimita 135, za barabarani nyingi ni 130, za zamani zaidi 126 au 120. Fremu ya chuma fundi anaweza kuipanua kidogo. Ya aluminiamu msiiguse.

Kabla hamjanunua kipuri chochote kwa sababu gia zinaruka, simameni nyuma ya baiskeli na mwiname hadi macho yawe sawa na ekseli. Tazameni vile vigurudumu viwili vya kihamisha cheni. Vinapaswa kusimama wima, kimoja chini ya kingine, kwenye mstari mmoja na sproketi. Vikiwa vimeelekea ndani, kwenye spoku, basi lile sikio la fremu linalokishika kihamisha cheni limepinda. Baiskeli ikianguka upande wa kulia mara moja tu, hata ikiwa imeegeshwa, inatosha kulipinda. Hakuna marekebisho ya waya yatakayoponya sikio lililopinda, na kibaya zaidi, siku utakapoingia gia nyepesi kuliko zote, kihamisha cheni kinaweza kunaswa na spoku na kurarua nusu ya gurudumu. Fundi mwenye kifaa cha kunyooshea hulirudisha, na kwenye fremu nyingi za aluminiamu sikio hilo ni kipande kinachobadilishwa. Baada ya hapo akaze ile skrubu ya mpaka wa ndani, ili cheni isiweze kamwe kuvuka sproketi kubwa kuelekea kwenye spoku.

Cheni nayo huchakaa, na ikichakaa inakula sproketi. Kutoka pini hadi pini ni milimita 12.7. Pima pini 24 mfululizo kutoka ile ya kuanzia: cheni mpya inakupa milimita 304.8. Ikifika 307, imerefuka kwa takriban robo tatu ya asilimia moja, ibadilishe siku hiyohiyo. Ukichelewa, tazama meno ya zile sproketi unazozitumia sana: upande unaosukumwa na cheni umechimbika, jino limelala kama pezi la papa, na cheni mpya ikiwekwa juu yake inaruka kila unapokanyaga kwa nguvu. Hapo unanunua vyote viwili. Anayebadilisha cheni mapema anaweza kuitumia kaseti moja kwa cheni kadhaa.

Nimebakiza habu yenye gia ndani, na wengi wenu mngenufaika nayo kuliko yote niliyoyasema. Kwa nje unaona sproketi moja tu. Ndani ya habu mna magurudumu madogo ya meno yanayolizunguka jingine la katikati, na waya unachagua lipi lishikwe na lipi liachwe huru. Si jambo geni. Kampuni ya Sturmey-Archer ilianza kazi Nottingham, Uingereza, mwaka 1902 kwa ajili ya habu ya gia tatu, na aina yake iitwayo AW, iliyotoka mwaka 1936, ilienea duniani kote. Gia ya kati ya habu hiyo inapitisha mwendo kama ulivyo, ya chini inaupunguza kwa robo, ya juu inauongeza kwa theluthi. Upana wake ni asilimia 178 tu, lakini kwa mji tambarare inatosha kabisa.

Zile za kisasa zimeenda mbali zaidi. Nexus ya gia nane ya Shimano ina upana wa asilimia 307. Linganisheni na ile kaseti ya nane ya 11 hadi 34, yenye 309. Ni sawasawa. Rohloff ya Ujerumani yenye gia 14 inafika asilimia 526, ingawa ni kifaa cha gharama kubwa kinachowafaa zaidi wasafiri wa masafa marefu.

Faida kubwa ya habu yenye gia ndani mjini ni kwamba inabadilisha gia ukiwa umesimama. Kihamisha cheni kinataka cheni iwe inazunguka. Ukisimama ghafla kwenye taa ukiwa kwenye gia nzito, utaanza safari ukiwa kwenye gia nzito. Mwenye habu ya ndani anageuza mkono akiwa amesimama, taa ikiwaka anaondoka kwa wepesi. Cheni yake imenyooka daima, inaweza kufunikwa yote kwa boksi lake, isilowe na isichafue suruali. Hakuna kinachoning'inia, kwa hiyo hakuna sikio la kupinda.

Ina gharama zake, na ni haki kuzisema. Ni nzito, na yote iko nyuma. Inapoteza nguvu kidogo zaidi kuliko kaseti safi iliyotiwa mafuta. Tairi la nyuma likipasuka utahitaji spana ya milimita 15 na subira ya kuutoa waya kabla ya gurudumu. Mtengenezaji pia ameweka kikomo cha wepesi wa sproketi unazoweza kuiunganishia, kwa sababu ukiipunguza mno nguvu ya miguu itavunja gia za ndani. Usivuke kikomo hicho hata kama kilima kinakuchosha. Kwa mji wenye milima mikali na mizigo mizito bado nachagua kaseti. Kwa wengine wote, wanaosimama mara kwa mara, wanaolaza baiskeli nje na wasiopenda kushika grisi, habu ya ndani ndiyo yenu.

Marekebisho yake ni mepesi kuliko watu wanavyodhani. Kwenye Nexus ya saba au ya nane, weka mkono wa gia kwenye namba 4. Tazama pale waya unapoingia kwenye habu, utaona alama mbili za rangi kwenye kidirisha kidogo. Zisipokutana, geuza kirekebishi cha waya kidogokidogo mpaka ziwe mstari mmoja. Nenda hadi gia ya kwanza, rudi ya nne, zitazame tena. Zikikaa sawa, kaza nati ya kirekebishi, na uendelee na safari yako.